Mwenye Kuhamahama: Safari ya Dada Yangu Mpaka Ntoto

Mmeniuliza wengi, kila mmoja kwa wakati wake: shambani kwenye maharagi, mlangoni mwa kanisa baada ya Misa, hata pale tunapokunywa kasigisi ya ndizi. Mnasema: Bahati, dada yako Josefina alienda Ntoto na uso wa radi, amerudi anacheka na kuku. Kulitokea nini? Nimejibu vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vikaanza kugombana. Sasa nayasema yote mara moja, tangu tulipofunga mizigo.

Nyamitaba

Mnajua habari ya Anselmi, mume wa dada yangu. Wakati vita vilipowaka hapa milimani alishuka upande wa Walikale kutafuta mafuta ya mawese, na hakurudi. Tulilia kidogo, tukangoja sana. Matanga hatukufanya, maana hapakuwa na maiti. Josefina akahama nyumba ya mume kwa sababu kuta zilimkumbusha. Akaenda kwa baba na mama, akagombana na jirani wa mama. Akaja kwangu, akagombana na mke wangu, halafu akajijengea kibanda pembeni ya migomba, na huko akagombana na migomba.

Ndipo mchuuzi mmoja wa mawese alipopita kwetu. Aliketi, akala, na katika kushukuru chakula akasema, kama mtu anayeleta zawadi:

"Ule Anselmi wa huku, iko Ntoto. Iko na bibi na mutoto. Ananona kabisa."

Josefina aliendelea kupepeta maharagi yake. Hakuinua macho. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Asubuhi yake alikuja mlangoni kwangu amevaa viatu vya kanisa.

"Kaka, utanisindikiza Ntoto."

"Tukafanye nini?"

"Nimwambie."

"Umwambie nini?"

Akajipiga kifua kwa ngumi. "Maneno iko. Inajaa hapa. Nikiibakisha itaniua."

Mke wangu akaniambia niende, akaongeza kwa sauti ya chini nihakikishe panga linabaki nyumbani. Nilichukua gitari. Yako mambo mawili ninayoyaweza, kulima na kupiga rumba, na jembe ni zito kubeba.

Masisi

Tulifika Masisi kwa miguu, tukaambiwa kamyo ya kwenda Kashebere inaondoka sasa hivi. Mkisikia "sasa hivi" kutoka kwa shofere, tafuteni mahali pa kulala. Shofere wetu, Mateso, alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu, aliyewahi kuendesha magari huko chini Leopoldville na kurudi na Lingala nyingi. Alikuwa anangoja buji, yaani plagi ya injini, kutoka Goma. Buji ikachelewa. Tulikula viazi vya kuchoma na maziwa ya mgando, tukalala kwa binamu ya mama, tukarudi kula viazi tena.

Pale kwenye kamyo, juu ya gunia, alikaa mtu mmoja mwembamba, mweusi kama sisi lakini nywele zake zimelala kama majani baada ya mvua. Akina mama walidhani ni Mhindi mwenye duka, wakamzunguka kumuuliza bei ya vitambaa.

"Mi hapana duka," akasema. "Mi iko chai."

"Wewe iko chai?"

"Ndiyo. Mi iko chai ya Seiloni."

Walicheka mpaka mmoja akalazimika kushika ubavu. Kumbe alikuwa fundi wa kukausha majani ya chai, ametoka kisiwa cha Seiloni, mbali kupita bahari, ameajiriwa kwenye shamba moja la chai karibu na Masisi. Sasa bwana shamba alimtuma Ntoto, aone kama udongo wa kule unaweza kuotesha chai. Jina lake lilikuwa refu. Sisi tulimwita Papa Piya. Kiswahili chake alifundishwa na wavunaji wa chai, kwa hiyo kilikuwa na Kihunde ndani, na Kinyarwanda, na matusi ambayo yeye alidhani ni salamu.

Alipoona gitari yangu alisogea kwenye gunia, akanipa nafasi.

Barabara ya Kashebere

Buji ilifika, tukaondoka, na barabara ikatukamata kabla hatujaanza kufurahi. Mvua ilikuwa imenyesha. Mahali pa mteremko kamyo ikaingia kwenye tope mpaka tumbo. Wanaume tulisukuma, wanawake wakakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, Mateso akatukana kwa Lingala. Mwisho akazima injini, akasema tungoje jua likaushe. Watu wakawasha moto wa kuni, mahindi yakatoka mifukoni.

"Bahati," akasema Mateso, "piga ile ya Mwenye Kuhamahama."

Ninyi nyote mnaijua, mmeicheza hapa kwetu. Ni wimbo wa Lingala wa yule mtu asiyepata usingizi kwa kelele. Anahama nyumba, anabadili jirani, ananunua kitanda kipya, anahama mji. Kila anapofika kelele iko. Watu huucheka sana wimbo huo, halafu sebene inaingia, yaani gitari tupu, viuno vinachukua kazi, na maneno yanasahaulika.

Nilipiga. Watu walicheza kwenye tope. Nilipomaliza Papa Piya alikuwa amesimama, mahindi yamepoa mkononi.

"Hii wimbo inapigwaka ku fono ya bwana shamba," akasema. "Mi nasikia kila siku, hapana jua maneno. Inasema nini?"

Nikamgeuzia kwa Kiswahili, ubeti kwa ubeti. Nilipofika kwenye kitanda kipya akapiga kelele ya furaha, akajipiga paja.

"Huyu muntu mi namujua! Kwetu, mutoto anafundishwa na watu ya nguo ya manjano, wanaishi maisha ya kuomba. Wao walitufundisha hii hii! Muntu anakimbia nyumba, lakini kichwa yake iko ndani ya kapu. Njo njia ya Buda, hii!"

Mateso akanigeukia. "Mbuta yake njo alimufundisha." Kwa Lingala mbuta ni mzee, babu. Akamuuliza Papa Piya kwa heshima: "Huyo mbuta iko bado muzima?"

"Buda? Hapana. Alikufa zamani, zamani sana."

"Pole sana, Papa. Alikufa na ugonjwa gani?"

"Watu wanasema tumbo. Alikula chakula mubaya."

Mateso akavua kofia. Tangu hapo alimpa Papa Piya nafasi ya mbele, kama mfiwa, na kila tulipokula alikagua chakula chake.

Lakini Papa Piya hakuniachia. "Sasa huyu muntu, mwisho anafanya nini?"

"Mwisho hakuna. Mwisho ni sebene."

"Mi nasikia muntu anaimba, chini ya gitari. Pole pole. Kuna maneno pale."

Nikafungua mdomo kukataa, nikaufunga. Kweli yalikuwapo. Nimeimba ubeti ule mara nyingi kuliko Baba Yetu, nikiukimbiza chini ya nyuzi kwa sababu watu wameshaanza kucheza na hakuna anayesikiliza, mimi wa kwanza. Ilinibidi kuuimba polepole, bila kupiga, ili niusikie mwenyewe. Unasema hivi: nilichoka kuhama, nikaketi. Nikamwambia mpiga kelele, haya, sema yote. Akasema, akasema, akachoka. Nikatafuta nimwone, kumbe hapakuwa na mtu; ulikuwa upepo unapita nyumbani, unatoka.

Hapakuwa na aliyecheza. Mama mmoja aligeuza hindi lake kwenye moto akasema, "Eh, kumbe wimbo iko na mwisho."

Papa Piya akasema kwamba walimu wake wangefurahi, maana wao hutumia miaka kuyafundisha hayo, na hawana gitari.

Hapo ndipo dada yangu aliposimama. Uso ulikuwa umebadilika.

"Umechagua huo wimbo juu yangu."

"Dada, Mateso njo aliomba..."

"Nyumba ya mume, nyumba ya mama, nyumba yako. Ulihesabu! Unaniimba mbele ya watu mu tope! Basi mimi ndiyo kelele? Yeye aliyenitupa, yeye anakula mawese kule, na kelele ni mimi?"

"Mama, hapana," akasema Papa Piya. "Wimbo hapana sema muntu mubaya hapana mubaya. Wimbo inasema..."

"Wewe chai, unyamaze!"

Akashuka barabara peke yake na viatu vya kanisa mkononi. Tulipoinasua kamyo tukamkuta mbele sana, anatembea. Mateso akasimamisha gari. Dada akapanda nyuma, akakaa kwenye magunia ya maharagi, akanigeuzia mgongo mpaka Kashebere.

Kashebere

Kashebere tulikwama kwa sababu ya mvua. Njia ya Ntoto ni ya miguu, na watu waliotoka huko walisema mto umejaa. Tulipokelewa na Mama Tereza, mwanamke anayewauzia chakula wapita njia, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Mateso akamnong'oneza kwamba Papa Piya amefiwa na babu. Mama Tereza alikuwa na huruma: akachinja kuku.

Kuku alipoiva, mchana ulikuwa umegeuka. Papa Piya alitoka amevaa nguo nyeupe tupu, akamshukuru sana, akasema hawezi kula.

"Juu ya nini? Kuku haina ugonjwa!"

"Mama, kuku iko muzuri. Leo mwezi inajaa. Siku ya mwezi kujaa, mi hapana kula nyuma ya saa sita. Mi hapana kusikia muziki."

Mama Tereza alimtazama, akatazama kuku. "Kwenu mwezi njo unapika?"

Nami nilikuwa nimeanza kufunga nyuzi. Nikairudisha gitari ukutani. Mtu aliyesimama topeni kwa furaha ya wimbo, leo anajinyima wimbo wenyewe. Nikamuuliza kama muziki ni dhambi kwao. Akasema hapana, ni mazoezi tu ya siku moja, kuona ni kitu gani ndani yake kinalia kinaponyimwa. "Na kinalia?" nikauliza. "Sana," akasema, akitazama gitari. Kuku tulimla sisi. Mama Tereza akamfungia paja moja kwenye jani la mgomba, kwa ajili ya asubuhi, akasema mwezi ukishaondoka njaa itabaki.

Mvua ilizidi. Papa Piya aliketi barazani kwenye mkeka, miguu amekunja, mikono imelala. Josefina, aliyekuwa hajasema na mtu tangu jana, alipita mara ya kwanza, akapita tena, halafu akasimama.

"Unafanya nini hapo?"

"Nangojea."

"Unangojea nini?"

Mimi nilikuwa ndani namenya ndizi, mlango wazi, nikasikia yote.

"Mama yangu iko mugonjwa kwetu. Mi hapana weza kufika. Hapa," akagusa kifua, "kilio inakuja. Mi naona inakuja. Mi hapana kuifukuza, hapana kuifuata. Inapita. Itarudi. Itapita tena."

"Na ukimaliza, mama yako anapona?"

"Hapana."

"Sasa inasaidia nini?"

Alifikiri sana. "Mwaka ingine, baba yangu alikufa. Mi hapana kuketi. Mi nilikuwa mukali na watu ya kazi, mi nilifukuza muntu muzuri. Yeye hapana kuua baba yangu. Sasa mi naketi."

Mvua ilipiga bati la Mama Tereza kama changarawe. Nilipotoka na sufuria nikamkuta Josefina ameketi upande wa pili wa mlango, mgongo ukutani, kanga imefunika magoti, macho kwenye mvua. Nilitaka kumsemesha. Mama Tereza akanishika mkono, akanirudisha ndani.

Alikaa mpaka mvua ilipokatika. Akaingia, akala ndizi nyingi, na jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa hili: "Bahati, ni mengi. Yale maneno. Sikujua ni mengi hivyo. Na mengine hata si ya Anselmi."

Njia ya Ntoto

Tuliondoka Kashebere sote watatu asubuhi yenye ukungu. Mateso alibaki na kamyo yake. Kadiri unavyoshuka, vilima vinakuacha na msitu unakupokea: joto, siafu, miti inayoficha jua. Papa Piya alichimba udongo kila mahali, akaunusa, akaonja. Watu tuliokutana nao njiani walitupa pole kwa mgonjwa wetu.

Kisha tukafika mtoni. Daraja lilikuwa la kamba za msituni, limefumwa kama kapu refu, linaning'inia juu ya maji mekundu. Mimi nikavuka, gitari mgongoni, nikimwita Yesu kila hatua. Nikageuka. Papa Piya alikuwa amelishika gogo la ng'ambo ile kwa mikono miwili, uso umekuwa kijivu.

"Mi narudi Kashebere," akasema. "Chai hapana ota Ntoto. Mi najua tayari."

"Papa Piya, hujaona Ntoto!"

"Mi najua."

Nikacheka, na sauti ya mto ikaumeza mcheko. Josefina hakucheka. Aliweka mzigo wake chini, akaketi kwenye mizizi karibu naye, kana kwamba tulikuwa na mchana wote.

"Ule muoga ndani yako anasema nini?" akamuuliza, kama walivyonisimulia baadaye.

"Anasema kamba itakatika."

"Na ingine?"

"Anasema maji iko mingi. Anasema mama yangu atasikia mi nakufa mu Congo."

"Na ingine?"

Ilichukua muda. Kutoka ng'ambo niliwaona midomo tu, yeye anauliza, yule anajibu, anafuta jasho, anajibu tena. Mwishowe Papa Piya akanyamaza, akatazama maji, akainua mabega kama mtu aliyekosa la kuongeza.

"Amechoka," akasema.

"Basi twende kabla hajaamka," akasema dada yangu. Akatangulia yeye, akirudi kinyumenyume, amemshika mikono yote miwili, akamwambia atazame kitambaa cha kichwa chake tu. Walipofika kwangu, Papa Piya alipiga magoti akabusu matope. Josefina alijinyoosha mgongo. Na mimi nikaona kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Nyamitaba kwamba alikuwa mzuri, dada yangu. Nilikuwa nimesahau.

Ntoto

Tulifika Ntoto mchana. Papa Piya akaenda kwa mkubwa wa kijiji kuonyesha kwamba ametumwa. Sisi tukauliza kwa Anselmi. Mwanamke mmoja kijana, Faida, alikuwa anatwanga chikichi za mawese mbele ya nyumba. Alitukaribisha kabla hatujasema neno, akatandika mkeka.

"Mume wangu iko shamba, anakuja. Muketi, mukunywe maji." Akageuka akaita ndani: "Josefina! Leta maji ya wageni!"

Dada yangu akaitika. Lilimtoka lenyewe, "Naam," na akanyanyuka nusu. Akatoka mtoto wa kike, mdogo, amebeba kikombe kwa mikono miwili, ulimi nje kwa uangalifu asimwage.

Faida akacheka. "Mama, na wewe iko Josefina?"

"Njo jina yangu."

"Eh! Huyu alipewa jina ya marehemu. Bibi wa kwanza wa mume wangu, alikufa mu vita kule juu. Mume wangu alisema, mutoto wa kwanza achukue jina yake, isipotee."

Sikuweza kumtazama dada yangu. Nilitazama kikombe. Nilimwona akikipokea, akinywa, akikirudisha. Halafu akamwambia Faida, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba anaomba aende nyuma ya nyumba kidogo. Akaenda. Faida aliniuliza kama anaumwa tumbo. Nikasema njia ni ndefu.

Nilikaa pale nikikumbuka ngumi yake kifuani. Maneno yote yale, na sasa akikuta kwamba kwa watu hawa yeye ni kaburi. Angerudi na jiwe, ningemwelewa. Alikawia. Faida alitupikia sombe ya majani ya muhogo na samaki, mawese yakanukia. Mtoto akanizunguka akigusa nyuzi za gitari.

Dada alirudi wakati mmoja na Anselmi. Yeye anatoka nyuma ya nyumba, yule anatoka njiani na jembe begani. Anselmi alimwona akaangusha jembe, akarudi nyuma mpaka akagonga mti wa papai.

"Mimi si mufu, Anselmi," akasema dada yangu. "Keti."

Akaketi chini, kwenye udongo. Faida aliacha chungu. Alimtazama huyu, akamtazama yule, na nikaona ameelewa kabla hajaambiwa.

"Sema mbele ya bibi yako," akasema Josefina. "Mimi nani?"

Anselmi alisema yote, na alilia akisema. Wapiganaji walimkamata njiani, wakamfanya abebe mizigo yao, akatoroka msituni. Watu wakamwambia upande wa kwetu umeungua, hakubaki mtu. Akaamini. Akaja Ntoto, Faida akamponya homa.

"Na baadaye?" akauliza dada yangu. "Ulisikia mimi muzima?"

"Nilisikia."

"Lini?"

"Mutoto alikuwa anatembea tayari."

Hapo niliuona moto ukipanda. Mkono wa dada yangu ukajikunja. Nilijiandaa kusimama. Lakini aliketi vile vile, akipumua kwa pua, akimtazama Anselmi kama alivyotazama mvua Kashebere, na mkono ukafunguka wenyewe, kidole kwa kidole.

"Nilikuwa na maneno ya kukupiga nayo," akasema. "Niliyabeba kutoka nyumbani. Mengine yamebaki njiani, mengine yako hapa, yatakuja tena usiku, najua. Umenifanyia vibaya, Anselmi. Sisemi hapana vibaya. Uliniacha ningoje na wewe ulijua. Utapanda Nyamitaba, utasema hivi mbele ya baba yangu, kwa mudomo yako, niwe muntu mwenye uhuru. Njo ninachotaka."

"Nitapanda."

"Sawa." Akageuka kwa Faida, ambaye alikuwa analia bila sauti. "Dada, wewe haukujua. Hii sombe inaungua."

Tukala. Siwezi kuwaelezea jinsi tulivyokula. Hakuna aliyesema, ila mtoto, aliyemuuliza dada yangu kwa nini ameiba jina lake.

Jumapili

Tulikaa Ntoto mpaka Jumapili, tukilala kwa katekista. Dada hakuwa malaika. Siku moja alirusha ndoo ukutani, akaenda mtoni peke yake, akarudi amelowa na ametulia. Faida alimfuata siku iliyofuata na nguo za kufua, na nasikia walifua kimya kimya, halafu hawakuwa kimya.

Baada ya ibada vijana waliomba rumba. Papa Piya alikuwepo. Udongo ulikuwa umemkatisha tamaa, chai haitaota Ntoto, kama alivyojua tangu darajani. Nikapiga Mwenye Kuhamahama. Ubeti wa mwisho ulipofika nilifanya kitu ambacho sikukipanga: nilishika nyuzi zikanyamaza, nikauimba mikono mitupu, neno kwa neno, halafu ndipo nikaachia sebene.

"Umeiharibu!" kijana mmoja akalalamika. "Tulisimama mguu juu!"

Wengine hawakulalamika. Mwanamume mmoja aliniomba niurudie ule ubeti, ule tu. Papa Piya alicheza, mikono juu kama anayechuma majani, na wasichana wa Ntoto walimwiga mpaka jioni.

Nisije nikasikiwa vibaya: mimi nimebaki Mkristo, na Papa Piya hakuniomba niwe kitu kingine. Aliniambia tu, tulipoagana, kwamba niangalie nyimbo zangu vizuri. Watu walioziandika hawakuwa wajinga, na huenda walificha kitu pale ambapo miguu ina kelele. Nami tangu nirudi nimeanza kuziimba polepole, moja moja, kabla ya kulala. Nyingi hazina kitu, ni sukari. Lakini si zote.

Kurudi

Anselmi alituchukulia mizigo. Anapanda nasi, akasema, kuliko kungoja moyo wake ugeuke. Mlimwona siku ile mbele ya baba, na aliyoyasema mliyasikia. Faida alitusindikiza mpaka mwisho wa mashamba ya Ntoto, mtoto mgongoni amelala. Wanaume tulitangulia kidogo, kama inavyofaa.

Nilisikia Faida akiuliza nyuma yangu: "Dada, huyu akikua ataniuliza juu ya jina yake. Nimwambie nini? Nilimwambia ni ya marehemu."

Josefina alisimama. Aliweka mkono kwenye kichwa cha mtoto, akaupapasa polepole ule mgongo mdogo.

"Mwambie mwenye jina alikuja kumwona," akasema. "Alikula vizuri. Akarudi kwake."